Mama wa Ubatizo Ni Mmoja

Tangu turudi sijapita bombani bila kusimamishwa. Huyu anauliza Burundi kukoje, yule anauliza kama ni kweli tuligombana mpaka mpakani, mwingine ananitazama tu na kutabasamu kama mtu aliyekwisha kuambiwa yote. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande kikifika kwa jirani kinakuwa kimeongezwa mkia. Kwa hiyo naandika yote mara moja, mwenyekiti wa jumuiya atawasomea, kisha mniache nipalilie maharage yangu kwa amani. Pelagia amenipa ruhusa nitaje mambo yake. Alisema, "Andika, ila usinifanye mbaya kuliko wewe." Nitajitahidi.

Kwa waliohamia karibuni, Spesioza alikuwa jirani yetu hapa Runazi kwa miaka mingi. Mume wake ni Mrundi, fundi wa kujenga, na waliishi hapa bila mtoto mpaka waliporudi kwao, upande wa Gitega. Huko ndiko Mungu alikomkumbuka, akapata mtoto wa kike. Akatutumia ujumbe wa sauti kwenye simu, sisi watatu tuliokuwa tukilima naye: mimi, Pelagia fundi cherehani, na Nyamizi. Alisema, "Njooni kwenye ubatizo. Mama wa ubatizo atatoka kwenu." Hakusema ni nani. Nyamizi hakuwa kwenye hesabu, kwa sababu yeye na watu wake waliokuja na ng'ombe kutoka Shinyanga wanafuata mila za kwao. Tukabaki wawili kwa nafasi moja, na kila mmoja aliisikia ile sauti ikimwita yeye.

Niliitaka nafasi hiyo, sifichi. Hapa kwetu kila mwanamke anaitwa kwa mtoto wake. Pelagia ni Mama Devota, Nyamizi ni Mama Masanja. Mimi nimeolewa miaka yote hii na bado naitwa Leokadia, kama msichana wa shule. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani wa kuniita mama na awe na haki ya kuniita hivyo. Pelagia ana watoto watano. Niliapa kwamba huyu wa sita hatampata.

Runazi hadi Murukulazo

Tuliondoka asubuhi na ukungu. Pelagia alikuwa amewahi kiti cha mbele kwa dereva, akavaa kitenge kipya na viatu vya kisigino, kwa safari ya vumbi. Nyamizi na mimi tulikaa nyuma katikati ya magunia ya mahindi na kuku wa watu. Kila abiria aliyepanda, Pelagia aligeuka kumweleza, "Naenda Burundi kubatiza." Kabla hatujafika Biharamulo mjini alikuwa amekwisha kupongezwa na nusu ya gari.

Mzee mmoja aliyepanda na jembe akaniuliza, "Na wewe, mama, unamsindikiza?"

"Yeye ndiye ananisindikiza," nikamjibu.

Nyamizi akacheka mpaka kuku wakashtuka. Pelagia hakugeuka, ila nilimwona shingo ikikaza.

Gari liliharibika tukiwa karibu kufika Nyakahura. Dereva alilala chini ya gari, utingo akawa anampa spana ambazo hakuziomba. Tulikaa kando ya barabara tukila mahindi ya kuchoma na kuwatazama waliotupita. Mimi na Pelagia bado tulikuwa tunaongea wakati huo, ila kwa adabu nyingi mno. Watu wanaopendana hawaambiani "samahani mpenzi, nipitishie chumvi." Nyamizi alituangalia huku na huku akasema, "Nyie mna ugonjwa gani leo?"

Tulilala Murukulazo kwa mama yangu mzazi. Nilikuwa nimelipanga hilo makusudi, nikiri tu, ili Pelagia aone kwamba kuanzia hapo tumeingia kwetu. Mimi ni Mhangaza, na mtu akijua Kihangaza Kirundi hakimshindi. Pelagia ni Msubi, Nyamizi ni Msukuma. Ng'ambo ile wangeniona mimi tu wa kuwasemea.

"Shikamoo mama," Pelagia alisema akipiga magoti kabisa.

"Marahaba mwanangu." Mama alitupa maharage na ndizi, akatuuliza habari za njia, kisha akauliza swali alilopaswa kuliacha. "Na mtoto atabebwa na nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," Pelagia akasema.

Tulisema pamoja. Mama aliinama akaendelea kupakua, mabega yanamtingishika kwa kicheko.

Kabanga na ile meza

Kabanga mnaijua. Wabadilisha fedha walituzunguka kabla hatujashuka, kila mmoja akitushika mkono na kutuita dada. Nyamizi, ambaye huwa haogopi fahali, aliogopa wale vijana akakumbatia mkoba wake kifuani. Tulivuka hadi upande wa pili, tukapanga foleni ya kukaguliwa mizigo nyuma ya mwanamke mwenye ndoo za plastiki.

Ofisa alikuwa mtu mzima mpole mwenye miwani. Alifungua begi langu, akapekua kanga, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko akatoa gauni jeupe la ubatizo lenye kamba ya hariri kiunoni. Nililinunua Biharamulo na nilikuwa sijamwonyesha mtu. Mnajua kwamba gauni la ubatizo huletwa na mama wa ubatizo. Akaliweka mezani. Kisha akafungua begi la Pelagia, akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri, akakikunjua. Gauni jeupe. Alilishona mwenyewe, na maua madogo kifuani kwa uzi wa mkono, kazi ya usiku mwingi. Akalilaza kando ya langu.

Watu wote wa foleni walichungulia.

"Ni mapacha?" ofisa akauliza kwa Kiswahili, akitabasamu.

"Hapana," nikasema.

"Mtoto ni mmoja," akasema Pelagia.

Ofisa alitazama magauni, akatutazama sisi, akavua miwani akaifuta. Nadhani alielewa, maana aliyakunja yote mawili polepole akamrudishia kila mtu lake bila swali lingine. Yule mwanamke wa ndoo akasema kwa Kirundi, "Huyo mtoto ana kazi." Pelagia aliniuliza amesema nini. Sikumwambia. Akabeba begi lake, na kuanzia kwenye meza hiyo hatukusemezana tena.

Muyinga, kusubiri mafuta

Tulifika Muyinga tukakuta magari yamepangwa bila mafuta. Yanatarajiwa leo, labda kesho, walisema, na hakuna aliyekasirika, walikuwa wamezoea. Baiskeli ndizo zilizokuwa na kazi. Niliona mtu amefunga mikungu ya ndizi pande zote mpaka baiskeli haionekani, anashuka mlima bila kukanyaga. Tulikaa stendi mpaka jua likazunguka upande wa pili wa ukuta.

Aliyepata tabu alikuwa Nyamizi. "Nyamizi, mwambie mwenzako asogeze begi." "Nyamizi, mwambie mwenzako begi lina haki ya kukaa." Alitusikiliza hivyo kwa muda, halafu akatuambia, "Mimi nilikuja kumwona mtoto. Kama ningetaka kuchunga, ningebaki na ng'ombe wangu."

Kwa mama muuza chakula tuliagiza kila mmoja peke yake. Yeye aliona tumeingia pamoja, akaleta sinia moja kubwa, ndizi za kupika, maharage na lengalenga, mchicha wa kule, na vijiko vitatu. Nikamwambia kwa Kirundi kwamba tulitaka sahani tatu. Alinishangaa. "Nyinyi si ndugu?" Nikasema tunatoka kijiji kimoja. "Basi sahani tatu za nini?" akauliza, akaenda zake. Tulikula. Pelagia alichora mpaka kwa kijiko katikati ya maharage, na mimi niliuheshimu. Nyamizi alikula pande zote mbili na ndiye aliyeshiba.

Nilipokuwa nimekaa pale nikakumbuka jambo, na njaa ikaisha kabisa. Pelagia na baba Devota hawajafunga ndoa kanisani. Wameishi, wamezaa, wamejenga, lakini altareni hawajafika, kama tulivyofika mimi na mume wangu. Na anayeishi na mume bila ndoa ya kanisa hawezi kumsimamia mtoto, kila mkristo anajua. Hapa Runazi padri angemkataa mara moja, ndiyo maana kimya chake kuhusu ubatizo kilikuwa kikubwa mbele ya paroko wetu. Alikuwa anategemea kwamba kule hawamjui. Na aliyemjua, mwenye lugha ya kulisema, nilikuwa mimi. Niliamua kwamba nikifika nitalisema, ikiwa itabidi. Nililala usingizi mzuri katika nyumba ya wageni, nakumbuka.

Gitega hadi mlimani

Mafuta yalikuja asubuhi. Tulipita Karuzi, milima juu ya milima, kila kipande cha ardhi kimelimwa hadi kwenye kingo za barabara. Kwenye miinuko, waendesha baiskeli walishika nyuma ya malori wakavutwa, mmoja anatupungia kwa mkono wake wa pili. Nyamizi alifumba macho. Gitega tulinunua sukari na sabuni za mzazi, Pelagia pakiti kubwa, mimi pakiti kubwa kuliko yake.

Kutoka hapo ni pikipiki, kisha miguu. Hapo viatu vya kisigino vilianza kumlipisha Pelagia. Nilitembea mbele kwa haraka, sikugeuka. Nilikuwa nimekusudia kufika wa kwanza, nimbebe mtoto kwanza, nionekane kwanza. Nilifika uani nikihema, na bibi wa mtoto, mama mkwe wa Spesioza, alikuwa amesimama mlangoni, mrefu na mkavu, kitambaa begani. Alinisalimu kwa salamu yao ya zamani, Amashyo. Niliitikia vizuri. Hakuniachia njia.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja, nyuma."

"Basi tuwasubiri," akasema, akaniwekea kigoda nje.

Nilikaa kwenye kigoda hicho nikimsikia mtoto akilia ndani, mpaka Nyamizi akatokea, na baadaye sana Pelagia, viatu mkononi. Bibi akawasalimu vivyo hivyo. Nilimweleza Nyamizi kwamba salamu hiyo maana yake ni kukutakia makundi ya ng'ombe. "Mwambie nayapokea yote," akasema Nyamizi, na bibi akampenda hapo hapo.

Spesioza alipotoka na mtoto tulilia sote. Kuna mambo hata wivu hauyawezi.

Chungu cha bibi

Baada ya kula, bibi alileta chungu cha pombe ya mtama, wanaiita impeke, ikiwa na povu na joto lake. Akakiweka katikati na kuchomeka mirija mirefu. Kwao wageni waliotoka pamoja hunywea chungu kimoja, vichwa vinakaribiana. Nyamizi alisogea bila kuambiwa. Pelagia akasema tumbo linamsumbua. Mimi nikasema nimeacha pombe, nikiwa na maana kwamba sitainamisha kichwa changu karibu na cha yule.

Bibi alichomoa mirija yote, hata wa Nyamizi aliyekuwa ndio kwanza anaanza, akafunika chungu akakirudisha ndani.

Asubuhi Spesioza alinifuata nilipokuwa nanawa uso. Macho yalikuwa mekundu. "Mmenifanyia nini? Mama mkwe anasema wanawake wasiokunywa chungu kimoja wamekuja na neno baya. Hawezi kumpa mjukuu wake mmoja wao. Anataka wifi yangu asimame."

"Kesho?"

"Kesho. Na katekista anakuja mchana kuwaona wasimamizi."

Sikutoka Runazi na gauni ndani ya begi ili wifi asimame. Nilimkuta Pelagia nyuma ya jiko anamenya ndizi na wanawake wa pale, akifanya kazi kwa ishara. Nilisema naye kwa mara ya kwanza tangu mpakani.

"Inuka tukanywe."

"Nimesema tumbo."

"Tusipokunywa anasimama wifi. Wewe hupati, mimi sipati."

Aliweka kisu chini. "Na tukinywa?"

"Spesioza achague. Tukishakunywa, tugombane tukipenda."

Akanawa mikono.

Bibi alikitoa chungu, akatutazama kwa muda, akachomeka mrija mmoja. Nikamwambia tuko wawili. "Nimeona," akasema. "Mmoja unatosha." Watu wa nyumba wote walisimama kutazama. Pelagia alivuta, akanipa, macho yamenikodolea. Nikavuta, nikampa. Mrija ulikuwa na alama ya rangi ya mdomo wake na sikuufuta. Nyamizi, ambaye bado alikuwa na uchungu wa kunyang'anywa mrija wake, akasema, "Ng'ombe wangu wawili wanapigana pembe kutwa, lakini mtoni wanainama bega kwa bega. Sikujua nitawakuta huku." Nilitafsiri. Bibi alicheka, Pelagia akacheka akiwa na pombe mdomoni, ikamtokea puani. Nilimpiga mgongoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisha bibi akamwambia Spesioza achague mbele yetu.

Spesioza alimwangalia mtoto, hakutuangalia sisi. "Leokadia, usinichukie. Nilipokuwa sina mtoto, pale Runazi, watu walikuwa wanaficha watoto wao nisiwashike. Waliogopa jicho langu. Devota alipozaliwa, Mama Devota alikuja akanifunga mtoto mgongoni, akaenda zake sokoni. Sijasahau. Ni yeye."

Nilitoka nje. Nilikwenda mpaka mwisho wa migomba, nikakaa juu ya jiwe, nikalia kwa hasira. Nilikuwa na hasira kwa sababu alilosema lilikuwa kweli, na halikuwa kweli kwa Spesioza peke yake. Devota alikaa mgongoni kwangu pia. Wote watano walikaa. Kila Pelagia alipojifungua, hakuna aliyewahi kumbeba mtoto wake kabla yangu ila mkunga, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Niliona ni haki yangu tu.

Lakini ile silaha ya Muyinga bado ilikuwa mfukoni, na mimi si mtu wa kutupa silaha.

Katekista

Alikuja mchana kwa miguu, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, tukakaa kwenye mabenchi ya kigango, kanisa lao dogo la mlimani. Alimuuliza baba wa ubatizo, jirani yao wa pale, maswali yake, wakamaliza. Akamgeukia Pelagia, akasema kwa Kirundi kwamba kwa wageni waliotoka mbali yeye huridhika na neno la mtu anayewafahamu. Kisha akaniangalia mimi.

"Huyu mama amefunga ndoa kanisani?"

Spesioza alijua jibu. Alimwinamia mtoto akaanza kumfuta mate ambayo hayakuwepo. Bibi alisubiri. Nyamizi hakuelewa lugha lakini alielewa uso wangu, akashika ukingo wa benchi.

"Anasemaje?" Pelagia akaninong'oneza.

Neno moja tu, nami ningesimama kesho yake. Msidhani sikulitaka. Lilikuwa limefika kwenye ulimi, na lilikuwa kweli tupu, hakuna ambaye angenilaumu. Nilimtazama Pelagia, miguu yake imevimba kwa vile viatu, mikono imekunjwa magotini kama mtoto anayengoja kuitwa darasani. Nikaona kwamba nikilisema nitapata mtoto, na nitarudi Runazi bila Pelagia, na nyumba yenye watoto watano haitafunguliwa tena kwangu. Hiyo bei sikuitaka.

"Amefunga," nikasema. "Mimi ndiye niliyemsimamia."

Katekista aliandika, akashukuru.

"Anasemaje?" Pelagia aliuliza tena.

"Anauliza kama unaijua sala ya Nasadiki."

"Mwambie naijua yote," akasema kwa fahari.

Jumapili Pelagia alimbeba, mtoto akapakwa mafuta, akamwagiwa maji. Mtoto hakulia. Mimi nilisimama benchi la pili na nililia kidogo. Walioniona walidhani ni furaha.

Kurudi

Safari ya kurudi mafuta yalikuwepo, kwa hiyo sina mengi. Mpaka Muyinga Pelagia alisimulia jinsi mtoto alivyomshika kidole, nami nilimwacha asimulie. Hapo Nyamizi akashindwa kuvumilia. Spesioza alikuwa amemwambia yote wakati wa kuagana, na Nyamizi hana mahali pa kuweka siri.

Pelagia alisikiliza mpaka mwisho. Hakunishukuru. Aligeuka dirishani, akakaa hivyo mpaka Kabanga, na tulipokuwa tunasubiri gari la Ngara akasema, "Ulimdanganya mtu wa Mungu kwa ajili yangu?"

"Nilimdanganya."

"Na bado una wivu?"

"Mpaka sasa hivi."

"Vizuri," akasema, akaninunulia chai.

Nimekwisha kuungama kwa padri, kwa hiyo msinipe ushauri. Amesema ubatizo ni halali, mtoto hana kosa, kosa ni langu, na kitubio alichonipa ni kirefu. Kuhusu Mama Devota alisema ziko njia za kulitengeneza jambo kama watu wana nia.

Juzi jioni Pelagia na baba Devota walikuja nyumbani kwangu wakiwa wamevaa vizuri na hawataki kuketi. Wameanza mafundisho ya ndoa. Jumapili ijayo mtasikia majina yao yakitangazwa, na naomba kusiwe na kuchekana kwenye mabenchi ya nyuma. Jana shangazi yake Pelagia akanijia, amekwisha kushona na kitenge, anasema kwa ukoo wao msimamizi wa bibi harusi ni shangazi. Nimemwambia amechelewa. Mimi nilikwisha kusimama tangu Burundi.